Kiti cha Refa Mgeni

Jumatatu, 4 Agosti

Baba, shikamoo.

Natumaini nyote hamjambo, na goti la mama limetulia. Mimi ni mzima wa afya, ila masikio bado yanavuma kwa ile ndege. Nakuandikia kwa simu lakini kwa utaratibu wako, tarehe juu na sahihi chini, maana najua ujumbe usio na salamu huwa huujibu.

Nimepewa chumba ghorofa ya tatu pamoja na refa mwingine mgeni, dada mmoja mrefu kama mlingoti, anayekoroma kama mashine yako ya kuranda. Kitanda ni kizuri. Maji ya moto yapo asubuhi tu, ukichelewa shauri yako. Fulana yangu ya kazi nimeipiga pasi mara mbili kwa wasiwasi.

Kesho nachezesha mechi yangu ya kwanza. Ni mechi tatu kwa jumla, na kila mechi mkaguzi wa marefa anakaa nyuma ya meza anatupa alama. Tumempachika jina Bi Kalamu, kwa sababu hata ukipiga chafya anaandika. Alama zikitosha, napata beji ya kimataifa. Zisipotosha ndiyo basi, Baba, maana mwakani nitakuwa nimepita umri wa kuombewa tena. Miaka yote ile ya kupigwa jua na kutukanwa na mashabiki wa mpira wa wavu, nimekuja kuikusanya hapa. Niombeeni.

Mwanao.


Jumanne, 5 Agosti

Mwanangu, marahaba.

Tunashukuru umefika salama. Goti la mama yako lina maumivu yake lakini mwenyewe anakana, kwa hiyo usiulize sana. Mimi niko karakana, nagombana na mbao mbichi za madawati.

Sasa nikuulize la maana. Kiti cha kusimamia huko ni cha namna gani? Hiki cha kiwanja chetu nilikutengenezea kwa kipimo chako, nikakiongezea kidato cha kukanyagia, kwa sababu urefu ulichukua wa mama yako. (Yupo hapa, amenifinya.) Macho ya refa lazima yapite juu ya wavu kiasi cha mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Viti vya watu hutengenezewa watu warefu. Je, umekipima?

Haya, kazi njema. Usimtazame huyo Bi Kalamu, tazama mpira.

Baba yako.


Alhamisi, 7 Agosti

Baba, shikamoo.

Habari za tangu juzi? Mimi mwili mzima, moyo ndio una homa.

Hivi wewe ni mchawi? Barua yako nimeisoma baada ya mechi. Kiti cha hapa ni cha chuma, kimevikwa sponji pande zote, kinapendeza kweli. Lakini mimi kikanimeza. Kuna fundi wa ukumbi, mzee mmoja mpole anayefunga nyavu na kubadilisha taa. Nilipopanda tu akanisogelea, kibao cha kukanyagia mkononi, akauliza, "Panatosha hapo, dada? Nikuongezee hiki?" Nikawatazama watu walivyojaa. Nikajiona kama mtoto anayewekewa mto ili aifikie meza. Nikamwambia, "Panatosha."

Hapakutosha, Baba. Seti ya mwisho, timu zimefungana, mpira ukapigwa kwa nguvu, ukapita kwenye mikono ya wazuiaji, ukaangukia nje. Nikapuliza filimbi: nje. Kapteni wa waliopiga akanijia kwa adabu kabisa. "Mwamuzi, mpira umegusa kidole cha mzuiaji, pointi ni yetu." Mimi kidole sikukiona. Niliona utepe wa wavu na vichwa vya watu. Nikashikilia uamuzi wangu, na wakapoteza mechi.

Leo wametuonyesha video. Kidole kimeguswa mpaka kimepinda. Bi Kalamu aliandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Zimebaki mechi mbili. Chakula hakipiti.

Mwanao.


Ijumaa, 8 Agosti

Mwanangu, marahaba.

Pole. Nikishasema pole, sasa nigombe.

Panatosha! Mtu amekuja na kibao mkononi, hujamwomba, hujambembeleza, unamwambia panatosha! Nimemsomea mama yako, akasema neno moja tu: mficha uchi hazai. Nikamwambia hilo si la kumwandikia mtoto. Akasema andika hivyo hivyo.

Kuwa mfupi si kosa, na anayekucheka juu ya kiti hatakusaidia kuona kidole. Kesho mapema, kabla watu hawajaingia, kamwone huyo fundi. Usimpelekee hadithi ndefu, mpelekee kipimo. Sisi mafundi tukipewa kipimo hatuna maswali.

Na ule. Refa mwenye njaa hupuliza hovyo.

Baba yako.


Jumatano, 13 Agosti

Mwanangu, salamu.

Huku wote wazima. Kimya chako ndicho kinatuumiza. Nimeipeleka simu kwa kinyozi anitazamie kama imekufa, akaniambia simu nzima, mwenye simu ndiye mgonjwa. Mama yako anajifanya hana habari, lakini jana katia chumvi kwenye chai.

Kama mambo yameharibika, sema yameharibika. Kama umepata mchumba huko, pia sema, tujipange. Ila usinyamaze.

Baba yako.


Ijumaa, 15 Agosti

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nisameheni sana. Nilijiapia siandiki mpaka yaishe, na sasa yameisha.

Nilimwendea yule fundi asubuhi kama ulivyosema. Nikamwonyesha mkono wangu, kiwiko hadi vidole. Akacheka, akasema, "Baba yako fundi, siyo?" Akakifunga kibao kwa boliti, akakitingisha, akapanda mwenyewe akaruka-ruka juu yake. Baba, niliposimama pale niliona kila kitu! Vidole, kucha, mpaka pete ya mchezaji aliyesahau kuivua. Mechi ya pili ikaenda vizuri. Ya tatu ikaenda vizuri zaidi, na ilikuwa fainali. Kulikuwa na kidole kingine, chembamba kuliko cha kwanza, na nilikiona peke yangu. Ukumbi mzima ukazomea. Mzuiaji mwenyewe akainama, hakubisha.

Baadaye Bi Kalamu akaniita pembeni. Akasema, "Hizi mbili umechezesha vizuri mno. Ile ya kwanza ndiyo inakuvuta chini. Naona sasa umeongezewa kibao. Ukisema siku ile ukumbi haukukuandalia kiti, mechi naifuta, nahesabu hizi mbili. Beji ni yako."

Neno lilikuwa limeshafika ulimini, sikufichi. Lakini yule fundi alikuwa pale pale anakunja wavu, na alishanidokeza kuwa ameonywa mara moja na wakubwa wake, kosa la pili ni kufukuzwa kazi. Nikasema, "Aliniuliza. Kibao alikuwa nacho mkononi. Mimi ndiye niliyesema panatosha."

Bi Kalamu akanitazama weee. Mara ya kwanza tangu nimjue, hakuandika kitu. Akasema, "Basi itahesabiwa." Imehesabiwa, na nimepungukiwa kidogo tu.

Beji sikupata, Baba. Nililia bafuni, yule mlingoti wa chumbani akanigongea mlango mpaka nikatoka, akaninunulia soda. Kisha nikalala usingizi wa mtoto. Leo nimeamka mwepesi, nikatembea mjini, nikamnunulia mama kitambaa. Sijui kama mtanielewa. Nafika Jumapili.

Mwanao.


Jumamosi, 16 Agosti

Mwanangu, marahaba. Mama yako naye anaitikia.

Nikuambie ukweli. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilitupa randa chini. Nikasema, hivi mtoto huyu ana akili kweli? Neno moja tu, kiti kibaya, na beji hii hapa! Nani angeumia? Mama yako hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Na yule fundi?" Nikaketi.

Nimekaa nayo usiku mzima barua yako. Unajua, tangu nianze kazi hii, mlevi akianguka, kiti kibovu. Meza ikipakiwa mifuko ya saruji ikavunjika, fundi hovyo. Mlango ukipigwa teke, fundi aliweka bawaba mbovu. Nimesingiziwa mpaka nimezoea, nakaa kimya naendelea kupiga msumari. Sijawahi, hata siku moja, kusikia mtu akisimama mbele ya mkubwa na kusema fundi hana kosa.

Beji ningeipenda, sikudanganyi. Ningeitundika hapa karakana, kila mteja ningemwonyesha kabla hajataja meza yake. Mama yako pia alishachagua gauni la kwenda kukupokea nayo, na amesema atalivaa vilevile.

Mimi maneno mazuri sina. Lakini juzi, mtu nisiyemjua amerudi nyumbani kwake akiwa bado na kazi, na watoto wake wamekula. Asante, mwanangu.

Baba yako, fundi.