Mashavu ya papa

Kasha, Bukavu, baada ya misa

Kaka Destin,

Ordinateur, ile kompyuta uliyotutumia, ilifika. Kioo yake iko pana sana: ninaandika masomo ya wanafunzi upande mumoja, kitabu kiko wazi upande wa pili. Lakini iko fupi, ukurasa unaonekana nusu tu. Tena haiingii mu mufuko wangu.

Ubaya mwingine ni huu. Video za kamera ya zamani hazijazi kioo, basi inazivuta kwa upana, watu wanakuwa wanene. Nilifungua ile ya papa, ya juma lake la mwisho. Nilipotaka kuirekebisha, maman akanishika mukono.

« Acha vile, Elodie. Ona mashavu yake. Papa yenu alikufa na nguvu zake. »

Na ni yeye aliyekuwa akimubeba peke yake kumupeleka kuoga.

Sasa anaita majirani waje kumuangalia. Mimi ninawafungulia video vile iko.

Uliniuliza kwa simu kama papa alikonda sana, sikukujibu. Barabara ya kuja huku ikifunguka tena, uje. Utakaa karibu na maman, utamuona papa vile yeye anamuona.

Mudogo wako anayekungoja,
Elodie