Kaya Yetu Mliyoichoma

Karakana ya Vinyago,
Arusha.

Kwako dada yangu, Mama Fadhila,

Shikamoo. Naitanguliza hata kama hutaiitikia, maana adabu aliyonifundisha mama haijaungua. Habari za hapo Chilangala? Mama anaendeleaje na macho yake? Fadhila na wadogo zake hawajambo? Shemeji mgongo umempoa, au bado unamuuma kwa kubeba ile pampu ya kupulizia mikorosho salfa? Na maji mnachota wapi siku hizi, bomba limetoa au bado mnashuka bondeni? Mimi mwili mzima. Kifua kinanisumbua kidogo kwa vumbi la mpingo na kwa baridi ya huku, ambayo haijui kupiga hodi, inaingia mpaka ndani ya blanketi. Nakula, nalala, nafanya kazi. Habari za moyo utazisoma mbele.

Barua yako niliipata. Uliandika salamu, ukaandika kwamba mvua bado, ukaandika kwamba wanunuzi wa korosho wamewahi mwaka huu na malori yao, kisha mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka kwamba hajafunga banda la kuku, ukaandika: "Mjomba anasema usije kwanza." Basi. Nilidhani pengine kuna kipindupindu kijijini. Kumbe ugonjwa wenyewe ni mimi.

Aliyenieleza ni Hassani wa Tandahimba, ninayechonga naye benchi moja. Mkewe ni wa hapo kwenu, unamjua. Alikuja huko kumzika mkwewe akakuta baraza limekaa uwanjani kwa Mjomba Ahmadi, akasimama nyuma ya watu, akaona yote kwa macho yake. Aliporudi huku alikuwa hanitazami usoni. Mwishowe nilimshika mkono wenye tezo nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Ismaili, watu wako wamechomwa moto. Wote. Na wewe umeitwa mchawi."

Nilicheka, dada. Nilicheka kweli, mpaka nilipomwona yeye hacheki.

Sasa ngoja nikueleze wale watu wa mpingo walitoka wapi, kwa kuwa hukuniuliza. Huku nachonga twiga. Mimi, Mmakonde wa Newala, nachonga twiga ambaye sijawahi kumwona akitembea. Tangu biashara zifunguliwe, watalii wamejaa mjini, na tajiri wetu anasema wanataka twiga na Mmasai mwenye mkuki, hawataki kitu kingine. Mpingo wenyewe umekuwa adimu, kwa hiyo mara nyingi ni mti mweupe tunaoupaka kiwi ya viatu, mgeni anafika kwao mikono imekuwa myeusi. Hiyo ndiyo sanaa yetu siku hizi.

Siku moja wageni hawakuja, nami nilikuwa na kipande cha mpingo wa kweli, si kikubwa kuliko dole gumba. Nikaanza kukikwangua tu, sina nia yoyote. Akatoka mwanamke mwenye ndoo kichwani, ameinama kidogo, anapanda mlima. Hassani akauliza huyu nani. Nikamwambia ni Bi Somoe, jirani yetu, anatoka bondeni kuchota maji. Hassani akamsimamisha juu ya benchi, akamtazama, akauliza, "Sasa akifika juu anakuta nini?"

Dada, nilitaka kulia. Hilo ni swali lako. Wewe ndiye uliyekuwa ukiuliza hivyo, chini ya mikorosho ya mama, tulipotumwa kuokota korosho na tukakaa kucheza. Umesahau? Basi nikukumbushe. Ulichora kijiji mchangani, ukakiita Kaya. Nyumba tulijenga kwa vijiti vya mhogo, watu tuliwafinyanga kwa udongo wa kichuguu. Kila mmoja wetu alishika mtu wake na kusema kwa sauti yake. Mimi nilikuwa mwenye duka, na ole wake aliyeniita Ismaili. Wewe ulikuwa mwenye Kaya. Ulisema, "Kisima cha bondeni kimekauka, na chui ameonekana njiani. Unafanya nini?" Nami nikisema nakwenda hivyo hivyo, ulinipa korosho nne zilizokwanguliwa upande mmoja, nikazirusha. Nyeupe zikizidi nimepita. Nyeusi zikizidi chui amenila. Na kanuni ilikuwa yako, ukaishikilia mpaka tukakununia: mtu akifa mchezoni haondolewi tu. Anazikwa mchangani, na sote tunakaa msiba kabla ya kuendelea.

Kisha wakakupeleka unyago. Ulipotoka ulikuwa umepakwa mafuta, una kanga mpya, ukapita pale tulipokuwa tumekaa, ukakanyaga nyumba ya mwenye duka bila kutazama chini. Sikukulaumu. Ndivyo ilivyo, mtoto anaachwa ndani, anayetoka ni mtu mzima. Nami zamu yangu ya jando ilifika, nikasahau.

Lakini huku ugenini, mtu huna mke, huna shamba, huna hata mbuzi wa kumfukuza, utoto unarudi kukutafuta. Tulianza mimi na Hassani, kila Jumapili, kwenye benchi lile lile la twiga. Akaja pia Mpare anayetuuzia miti, akashika mtu wake, mganga wa uongo, akatuchekesha mpaka mbavu zikauma. Nilichonga kijiji chote. Kila mtu kwa sura yake: Bi Somoe na ndoo, shemeji na pampu mgongoni, Mjomba na tumbo lake na bakora. Na mama. Mama nilimchonga kwa moyo wa mpingo, nikamtia chale zake zote za usoni kwa ncha ya sindano, kwa kumbukumbu tu, na nilipomaliza nilimweka juu ya redio nikamwambia shikamoo. Chale zile hakuna tena anayechanjwa. Nilitaka wajukuu wake wazijue hata akiondoka.

Siku moja alituona kijana wa Kizungu aliyekuja kununua twiga. Akakaa chini, akasahau twiga. Akatueleza kwamba kwao watu wazima, wenye ndevu na wake zao, wanazunguka meza kucheza namna hiyo hiyo, na vinyago vidogo vya mashujaa na majoka, na mmoja wao ndiye anayeuliza "unafanya nini?" Akatoa mfukoni dadu lenye nyuso nyingi, kila uso na namba yake, akatupatia. Sisi korosho zatutosha, lakini nililipokea, nikasema hili ni zawadi ya Fadhila.

Ndiyo maana nilituma lile boksi. Nililiandika jina lako juu, na ndani niliweka kikaratasi kwamba ni vya kuchezea, umfundishe Fadhila Kaya. Nilitaka mchezo urudi ulikozaliwa. Kila mtu nilimfunga kwa kitambaa, asivunjike, kile kitambaa cheupe cha marekani tunachofungia mizigo ya wageni. Hapo nakubali, nimekaa huku muda mrefu mno. Nimesahau kwamba kwetu kinachofungwa kitambaa cheupe kuanzia kichwani hadi miguuni ni maiti.

Boksi lilishukia Newala, na aliyekwenda kulichukua stendi ni Mjomba. Akalifunga nyuma ya baiskeli. Pale kwenye mchanga mwingi kabla ya kufika kwenu baiskeli ikateleza, akaanguka yeye na mzigo wake. Mguu wake ukateguka. Boksi likapasuka, na ndani mkatoka watu wa kijiji kizima wamevaa sanda, na Mjomba mdogo wa mpingo amevunjika mguu. Anguko ni moja, dada! Hata Fadhila angeliona. Lakini Hassani anasema Mjomba alisimama barazani na bakora yake, akakinyanyua kile kinyago mbele ya watu, akasema, "Mnaona? Alikivunja kwanza kule, ndipo mimi nikaanguka huku. Ntu huyu anataka kutumaliza." Fundi wa uganga waliyemleta akalishika dadu la Fadhila, akalizungusha, akasema hili ndilo jicho analotutazamia. Na watu wazima wakarudi nyuma kwa kuogopa dadu.

Kikaratasi changu kilikwenda wapi? Hassani hakukiona. Sishangai. Nilipoondoka, ushirika umekufa, korosho haina mnunuzi, mikorosho ya mama ilikuwa pori na hakuna aliyeifyekea hata chini. Sasa malori yanakuja mpaka kijijini, na kila mkorosho umepata ndugu. Mwana wa dada, ambaye kwetu ndiye mrithi, akiitwa mchawi hawezi kurudi, na asiyekuwepo na lake halipo. Mjomba hakuniogopa hata siku moja. Angeniogopa angekunywa dawa, asingekwenda kuipulizia salfa mikorosho yetu.

Lakini sikuandika barua hii kwa ajili ya Mjomba. Yeye nimeshamwelewa.

Hassani anasema ulikuwepo. Ulikaa na wanawake, mbele, kanga kichwani. Anasema walipovimwaga vinyago mkekani, uliinama ukamtazama Bi Somoe na ndoo yake, na mkono wako ukatoka kidogo, ukarudi. Basi ulijua. Katika baraza lile lote ni wewe peke yako uliyejua ile ni nini, maana uliianzisha wewe. Maneno machache tu yangetosha: "Hii ni Kaya. Tulicheza utotoni." Ungewaomba korosho nne, ungewaonyesha. Watu wangecheka, fundi angerudishwa na kuku wake, mambo yakaisha. Ukanyamaza. Wakaleta mafuta ya taa, ukanyamaza. Walipomtupa mama motoni na chale zake, ukanyamaza.

Najua utasema nini. Pampu ya salfa ni ya Mjomba, na shemeji hana nyingine. Wewe sasa ni kungwi, mabinti wanakuamkia, utasimamaje mbele ya wakwe useme ulichezea mchanga? Najua yote hayo, na bado nina uchungu, dada, uchungu wa kuniamsha usiku. Mgeni wa Kizungu alikaa kwenye vumbi letu akauelewa mchezo wako kabla chai haijapoa. Wewe mwenye mchezo ukaufanya uchawi.

Hata kanuni yako umeivunja. Anayekufa katika Kaya anazikwa na kuliliwa. Mimi mmeniua mkaenda kupika.

Sasa nasema ninachotaka, tusije tukasingiziana. Nataka kumwona mama. Hassani anasema hakuitwa barazani, mlimwambia ni kikao cha korosho, na kila jioni anauliza kama basi la Masasi limepita. Macho yake yanakwenda, na mimi nataka anione kabla hayajazima. Mikorosho mchukue. Mjomba aichukue, nitamwandikia kwa mkono wangu. Lakini siwezi kushuka Newala kama mchawi, nikatembea mpaka kwa mama yangu watoto wakikimbia. Anayeweza kunisafishia njia ni wewe. Ijumaa watu wakitoka kuswali, wakiwa bado wamekaa pale nje, wewe nenda. Usiwahubirie. Chora mchangani, weka vijiti vya mhogo, rusha korosho, waulize wanafanya nini. Wataelewa. Hakuna asiyeielewa Kaya akiiona inachezwa.

Mwambie mama mwanawe mzima, anachonga, na hajaoa bado, anisamehe kwa hilo. Msalimie shemeji, mwambie ajifunge kitambaa puani anapopuliza, salfa si unga wa muhogo. Bi Somoe jirani yetu mwambie nilimchonga vizuri, alikuwa wa kwanza, na mzigo wake sikuutia uzito. Fadhila mwambie zawadi yake ilipotea njiani. Usimwambie ni nani aliyeipoteza. Mjomba naye msalimie, umuulize mguu.

Neno moja limebaki. Katika boksi lile wewe hukuwemo, hukuliona hilo? Nilikuchelewesha kwa sababu nilitaka utoke vizuri kuliko wote. Uko hapa mbele yangu, juu ya benchi, umekaa mchangani na mkono umenyooshwa kama mtu anayegawa korosho. Mikono nimemaliza, macho nimemaliza, kanga nimemaliza. Hassani ananihimiza nikumalizie tuanze kucheza, Kaya haina mwenyewe.

Mdomo bado sijakuchonga. Patasi ninayo, mti upo wa kutosha. Nasubiri nisikie kutoka Chilangala kama unao.

Ni mimi mdogo wako uliyenifundisha kucheza,
Ismaili