Dawati Nililompimia Mgombea

Mshauri wetu wa gazeti, kama umri wako unazidi wangu basi shikamoo, na kama hauzidi, jambo ambalo ndilo ninaloliamini, basi nangoja ya kwako. Naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada, na hapa mtaani ukiuliza watakwambia hawajapata kuniona nikiomba hata kiberiti. Mimi ni seremala. Si seremala wa kugongagonga, ni seremala ambaye watu wenye magari husimama wakauliza yuko wapi Mzee Jicho, na Mzee Jicho ni mimi, kwa sababu mtu akisimama mlangoni mwa karakana yangu namtazama mara moja tu najua urefu wa mguu wake, upana wa kiuno chake na mahali kiwiko chake kitakapotua juu ya meza. Tepu ninayo, lakini imening'inia msumarini na kazi yake ni kuwatuliza wateja wenye wasiwasi. Shule niliishia darasa la tatu, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, pole pole, kwa penseli ya kupigia mistari mbao, kwa hiyo ukiona herufi zimelala ujue ubao ndio ulioteleza, si mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mgombea mmoja wa urais, simtaji maana ninyi wa magazeti mna sheria zenu, anazunguka nchi akisema atazitengeneza shule za umma, anasema walimu wataongezwa mpaka darasa lisifanane tena na soko, anasema kila mtoto atakuwa na kitabu chake badala ya kugombea kimoja kama kuku na punje, anasema watoto watakula mchana hapo hapo shuleni, na watu wazima watafunguliwa madarasa ya jioni, hilo la mwisho nimewaambia wasiniwekee nafasi, ninayoyajua yananitosha na mengine yanamwagika. Lakini la kwanza katika yote anasema hakuna mtoto atakayekaa sakafuni, kila mmoja atapata dawati.

Sasa dawati si neno, dawati ni kitu, watu wanataka kukiona. Ndipo msimamizi wake wa kampeni, bwana mmoja mwenye simu mbili na tumbo la kuziegemeza, akaja karakanani akasema, "Mzee, tunataka dawati moja la mfano, zuri, la kuweka jukwaani." Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mteja tangu nishike randa, nikasema, "Atakalia nani?" Akasema, "Mheshimiwa mwenyewe. Atalikalia mbele ya wananchi." Basi. Mheshimiwa nilikwisha kumwona akipita juu ya gari akipunga mkono, ni mtu mrefu, mapaja marefu, mgongo umenyooka, nikamkatia dawati lake kwa kipimo kilichokuwa kichwani.

Mshauri, dawati lile lilitoka. Mbao nimezichomeka ndani kwa ndani bila msumari hata mmoja, nimelipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza, nikalivika vanishi. Mheshimiwa akalikalia jukwaani kama amezaliwa nalo, magoti yameingia, viwiko vimetua, akaegemea kidogo, halafu akaupiga ubao kwa kiganja na kusema kwenye kipaza sauti, "Hili ndilo dawati. Kila mtoto wa shule ya umma, kuanzia darasa la kwanza, atakalia dawati kama hili, lisipungue hata inchi." Uwanja mzima ukasimama. Picha ikatoka kwenye mabango, na mimi nimo pembeni, sikio moja limekatwa lakini ni mimi. Nasikia mafundi wa miji mingine wameshapelekewa vipimo wajiandae. Vipimo vyangu. Niambie seremala gani mwingine unayemjua ambaye jicho lake limeenea nchi nzima.

Sasa tatizo langu ni binti yangu. Huyu ni kitinda mimba wangu, ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya hapa hapa jirani, nimemsomesha kwa kuwatengenezea watu viti na vitanda, na ndiye pekee katika wanangu aliyerithi ubishi wangu, wengine walirithi upole wa mama yao na wanaishi mbali. Dawati huwa linarudi karakanani kati ya mkutano na mkutano ili nilipake vanishi palipochubuka, na siku moja alikuja ametoka kazini, chaki bado kwenye kucha, amemshika mkono mtoto wake, mjukuu wangu, ambaye naye yuko darasa la kwanza. Salamu yenyewe ilikuwa ya kutupa. Akamnyanyua mtoto akamweka kwenye dawati la Mheshimiwa, akarudi nyuma, akakunja mikono.

"Haya, baba," akasema. "Si una jicho? Tazama."

Nikatazama. Miguu ilikuwa inaning'inia kama soksi kwenye kamba. Kidevu kilikuwa kimekaribia ubao. Mtoto akajifanya anaandika kwa kidole, bega likapanda mpaka sikioni.

"Atazoea," nikasema.

"Atazoea nini, kuning'inia?"

"Mtoto hukua. Dawati halikui. Kwa hiyo mtoto ndiye atakayelifuata dawati."

"Atalifikia akiwa darasa la saba, baba. Na hapo katikati mimi nafundisha popo kuandika."

"Bora hilo kuliko sakafu."

"Sakafuni angalau miguu inagusa chini."

Hapo nikageuka kutafuta msasa, si kwa kushindwa. Mjukuu wangu akachungulia chini akaniuliza, "Babu, nashuka vipi?" Mama yake ndiye aliyemshusha.

Halafu akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema ili usidhani nampunja. Alisema, "Baba, mimi huyu mtu nataka afanikiwe. Walimu wenzangu nimewangoja tangu niajiriwe, vitabu nimevingoja, hayo yote anayoyasema nayataka. Lakini wakichonga madawati ya nchi nzima kwa kipimo hiki, yatarundikwa nyuma ya madarasa, watoto watarudi sakafuni, kisha watu waseme shule za umma zilipewa zikashindwa. Waambie." Nikamjibu kwamba kazi yangu haijapata kurudishwa na mteja, na dawati lile halina kosa, limemkaa aliyepimiwa. Na huo ndio ukweli, mshauri, usije ukaupindisha.

Sasa Jumamosi mkutano ni hapa kwetu, kwenye uwanja wa shule yake, na mimi nimeambiwa nitapanda jukwaani niseme maneno machache juu ya dawati la watoto. Binti yangu ameapa kwamba nikitamka tu kuwa dawati lile ni la watoto, atatoka na darasa lake zima awakalishe mmoja mmoja mbele ya Mheshimiwa, watu waone. Na mwalimu mkuu amekwisha kuwaonya walimu wote, atakayejitia kwenye mkutano wa siasa kazi hana. Yule msichana namjua, akisema anafanya, ni mimi huyu huyu ila amevaa sketi. Nimemwambia utafukuzwa, akasema, "Basi nifukuzwe." Mama yake ananitazama tu, sahani yake ikipoa, ila jana alifungua mdomo akasema hata siku nikizikwa nitanyanyuka kusema jeneza limekatwa vibaya.

Siwezi kupanda pale nikasema dawati langu ni bovu, maana si bovu. Nikikataa kupanda watasema Mzee Jicho ameogopa. Nikipanda nikasema nilichoambiwa, mwanangu anapoteza kazi, na watoto wale hawatapata mwalimu mwingine kama yeye, hilo nalisema bila kujisifu ingawa amefanana na mimi. Sitaki kuambiwa nimekosea. Nataka uniambie nimnyamazishe vipi binti yangu mpaka Jumamosi ipite.

Ni mimi,
Mzee Jicho, seremala


MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Ulikisia vizuri, mimi ni mdogo kwako, tena ni mtoto wa kike, kwa hiyo umemkimbia mmoja ukaangukia kwa mwingine. Vumilia.

Umeniomba nisikuambie umekosea, na sitakuambia. Uliuliza atakalia nani, ukajibiwa ni mtu mzima, ukampimia mtu mzima, likamkaa. Aliyeteleza ni yule aliyekaa akaona raha, akadhani kinachomfaa yeye kinamfaa mtoto anayeng'oka meno. Hilo ni kosa la wakubwa wengi, halihusu useremala. Lakini tangu mjukuu wako awekwe pale juu, jambo hili unalijua, na kuanzia hapo kila siku unayonyamaza ni ya kwako, si ya Mheshimiwa.

Na hiyo "atazoea" umeitoa wapi? Mwenye gari akija ukamtengenezea kiti kikamning'iniza miguu, utamwambia atazoea? Swali lako la tangu ushike randa ni zuri kuliko hotuba nyingi ninazolazimika kuzisoma kabla ya uchaguzi. Umemuulizia Mheshimiwa, hukuwaulizia watoto. Waulizie.

Kumnyamazisha binti yako sitakusaidia, na hata ningetaka nisingeweza. Ubishi wake ulipokuwa mdogo uliucheka, sasa umekua na una cheti cha ualimu. Yule hagombani nawe, mzee. Amekuja kwako kwanza kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, na mtu haendi kwanza kwa fundi asiyemwamini.

Nawe mwalimu, najua utalisoma gazeti hili kabla ya baba yako. Watoto wa watu si mabango. Wazazi wao wamekupa uwafundishe, hawakukupa uwapandishe jukwaani, hata kwa jambo la haki. Ukifukuzwa, watabaki na dawati refu na bila mwalimu. Kaa darasani.

Safu hii haimwambii mtu ampigie nani kura. Walimu, vitabu, chakula cha mchana, yote hayo ni mapendekezo, na pendekezo likiwa jukwaani limepakwa vanishi siku zote hupendeza. Kila mmoja aulize lile analolijua. Mpishi aulize chakula kitapikwa wapi na kwa kuni za nani. Mwalimu aulize hao wenzake watalala nyumba gani. Wewe unalijua dawati. Tena wewe huna mwalimu mkuu wa kukufukuza, kwa hiyo neno hili ni lako kulisema, na ukilisema wewe, binti yako hana sababu ya kutoka na watoto uwanjani.

Fanya hivi. Kesho nenda shuleni asubuhi, na tepu uishushe msumarini. Jicho lako limezoea wateja wanaosimama mlangoni, na watoto wa darasa la kwanza hawasimami mahali pamoja. Muombe mwalimu wao ruhusa, ndiyo, muombe, uwapime kutoka goti hadi sakafu na kutoka kiwiko hadi kiti. Kisha chonga dawati dogo, kwa msasa ule ule wa kutelezesha nzi.

Likisimama, usingoje Jumamosi. Mpigie bwana mwenye simu mbili, mojawapo atapokea. Mwambie liko la pili, mwambie kwa nini, na mwambie mafundi wa miji mingine waweke misumeno chini kwanza. Akiwa na akili atakushukuru, kwa sababu ni afadhali alisikie kwako karakanani kuliko kwa wazazi baada ya kura. Akikubali, panda nayo yote mawili na useme maneno machache kama ulivyoagizwa: "Hili nilimpimia Mheshimiwa. Hili nimewapimia watoto." Hapo nani atasema umechonga dawati bovu? Umechonga mawili mazuri.

Akikataa, usipande. Yaweke mawili hayo mlangoni mwa karakana Jumamosi hiyo hiyo, na anayesema Mzee Jicho ameogopa aje na mtoto wake, achague la kumkalisha.

Halafu mama watoto mwambie ale, mambo yametengenezeka.

Limebaki moja. Dawati dogo likishasimama, kabla hujalipaka vanishi, mwite mjukuu wako alikalie. Siku ile alikuuliza atashuka vipi, ukamwachia mama yake jibu. Safari hii usimshike mkono, wala mama yake asimshike. Sogea pembeni, msumeno uwe karibu likizidi urefu, utazame kama atashuka mwenyewe.