Viatu Chini ya Meza

Liège, 2 Aprili 1997

Kwa dada yangu mkubwa, Mama Kamikazi,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkweo mzee Narcisse, na kwamba miguu yake imepata nafuu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imekataa kuondoka na bado navaa makoti mawili.

Dada, kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Hapa parokiani kuna sista ambaye mwaka 94 alikuwa Goma, akilea watoto waliopotezana na wazazi wao. Juzi baada ya misa aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia ni Gisenyi, akanivuta pembeni. Anasema kuna mume na mke hapa, watu wa makamo wasio na mtoto, wanaomlea msichana aliyeokotwa karibu na barriere ya mpakani, upande wa Goma, wiki ileile mliyovuka mkikimbia vita. Umri wake ni kama wa mwanao Kamikazi mliyempoteza. Alipofika huku alikaa muda mrefu bila kutoa neno, na alipoanza kusema alisema Kifaransa tu. Jina lake halikujulikana. Wao wanamwita Larissa.

Mimi niliondoka nyumbani Kamikazi bado anatambaa, kwa hiyo hata akisimama mbele yangu sitamjua. Nimezungumza na hao watu, na hawakunifukuza. Wamesema tukutane mahali anapopapenda mtoto, kwenye uwanja mkubwa wa michezo, wenye mabembea ya mitambo na treni zinazopanda juu na kushuka. Ndani yake kumefunguliwa mgahawa mpya wa Kiitalia wa pitsa, naye mtoto haongei kingine siku hizi. Tutakula huko mwezi ujao. Niandikie upesi: nitamtambuaje?

Mdogo wako,
Kabatesi


Mbugangari, 27 Aprili 1997

Kabatesi mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima. Mzee Narcisse miguu ni ileile, mdomo ndio umepona kabisa, anagombana hata na kuku. Barua yako nimeipata kwa padri aliyetoka Kigali. Uliniambia nikae, nikaisoma nimesimama. Nilipofika penye neno barriere nikakaa chini mlangoni mwa duka, kwenye vumbi, na wateja wakadhani nimeletewa habari ya msiba.

Sijawahi kukueleza ilivyokuwa. Mume wangu Donat alikuwa amembeba Kamikazi mgongoni. Watu walikuwa wengi mpaka huoni ardhi. Alimshusha kidogo tu ili akaze kamba ya godoro, na alipogeuka kulikuwa na miguu ya watu wengine. Tulimtafuta mpaka kipindupindu kikamkamata Donat mwenyewe, akafa kule Goma akimwita mwanawe. Mimi nilirudi na mzee.

Sasa sikiliza. Usimwulize jina. Watoto hao wameulizwa majina mpaka wamechoka. Usimwimbie, usimlilie. Agiza kitu cha kunywa, halafu ngoja. Unajua kwetu mtu hampi mgeni kinywaji kabla hajaonja mwenyewe, ili mgeni aone hakuna sumu. Kamikazi ndiye aliyekuwa akimpelekea babu yake kikombe cha ubushera, uji wake wa mtama, kila jioni, na alijua kuonja kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni. Lakini alikuwa na lake ambalo hakufundishwa na mtu. Akishaonja, anapangusa ukingo wa kikombe kwa kiganja chote, mara mbili, ndipo anakitoa kwa mikono miwili. Babu yake alikuwa akimcheka kwamba anamnywesha mchanga.

Jirani yangu Uwimbabazi amempata mwanawe, Régis. Alikuwa kwenye kituo cha watoto kule Goma, na mama yake alikwenda mwenyewe kumchukua. Tulicheza ngoma mpaka asubuhi. Sasa anapiga mpira mbele ya duka langu, na kila nikimwona nasema, na wangu atakuja.

Na wewe utakula hadharani, mbele ya watu wote, kama mtu asiyejua kwamba kwetu ni aibu? Marehemu mama angekuwepo angekufunika kwa kitenge.

Dada yako,
Mama Kamikazi


Liège, 19 Mei 1997

Dada yangu mpendwa, Mama Kamikazi,

Habari za huko? Mzee hajambo? Mimi ni mzima, ila tangu Jumamosi usingizi umenikataa.

Acha kwanza nikuchekeshe, maana nikianza na lile jambo lenyewe sitamaliza. Huo mgahawa ni Italia ya mbao na rangi. Ukutani wamechora bahari na mnara ulioinama, na zabibu za plastiki zinaning'inia mpaka zinakugonga kichwa. Mhudumu kavaa fulana ya mistari na skafu nyekundu, kumbe ni kijana wa hapahapa, nilimsikia akiongea na wenzake. Pitsa ni mkate mwembamba, mpana kama ungo, umepakwa nyanya na jibini, fromage ya huku, na kuokwa kwenye tanuri la kuni. Fromage yao inavutika mpaka inakushika kidevuni, lakini kwa ile yetu ya Gishwati haioni ndani. Wanaikata vipande na kila mtu anachukua kwa mkono kutoka sahani moja. Ndiyo, nilikula hadharani, tena na watu nisiowajua.

Nje ya dirisha ile treni inapanda juu kabisa, halafu inaachiwa, na waliomo wanapiga mayowe. Wamelipa kiingilio ili wapige mayowe hayo. Kila mara nilijikuta nimeishika meza. Mtoto hakugeuka hata kidogo. Baba yake wa huku alisema siku za mwanzo alikuwa akijificha chini ya meza, sasa amekwisha kuelewa kwamba ni mchezo.

Ni mrefu, mwembamba, ana kicheko cha ghafla. Akikaa tu anavua viatu. Kimoja kilikuwa chini ya kiti changu, kingine mhudumu alijikwaa nacho. Baba yake anasema ndivyo alivyo popote, kanisani, garini, na kila siku wanachelewa safari kwa kuvitafuta. Alikula huku anachezesha vidole vya miguu.

Sikumwuliza kitu. Niliagiza juisi ya tofaa chupa moja, nikangoja kama ulivyoniambia. Mtoto akaniangalia. Akaivuta chupa, akanimiminia. Dada, akaonja. Akapangusa ukingo wa glasi kwa kiganja chote, mara mbili, akanipa kwa mikono miwili, macho chini.

Yule mama wa huku akaona haya. "Utusamehe, madame," akaniambia. "Anatia mdomo kwenye glasi za wageni. Tumejaribu kumwachisha, hatujui tabia hii ameitoa wapi."

Mimi nilijua ameitoa wapi. Nilikunywa yote, nikaenda kulia chooni.

Baadaye niliwaeleza wazi, mtoto akiwa kwenye bembea. Mume akasema hawataki kuchukua mtoto wa mtu. Karatasi za kumfanya wao kabisa zimesimama zikikungoja wewe. Ukiandika kwamba ni wako, watamleta wenyewe mpaka Kigali. Mtoto aliporudi, mke alipiga magoti akaanza kumfunga kamba za viatu, na ilimchukua muda mrefu sana.

Nimetia picha ndani ya bahasha. Mhudumu ndiye aliyeipiga, tukiwa mezani.

Mdogo wako anayekupenda,
Kabatesi


Mbugangari, 15 Juni 1997

Kabatesi, mdogo wangu, mama yangu,

Salamu baadaye. Ni yeye.

Nilimpa mzee ile picha, nikasahau kwamba macho yake hayaoni tena vizuri. Akaipapasa tu. Nikamsomea ulivyoandika kuhusu glasi, akalia mbele yangu, na mzee huyu hakulia hata tulipomzika mwanawe Donat. Akasema, "Bon. Mutoto iko muzima. Sasa munangoja nini?"

Nimekwisha kumwambia fundi Kimenyi atengeneze kitanda. Usiwaambie hao watu bado. Mwalimu Vénuste atanisaidia kuandika barua ya Kifaransa kizuri, nami nitaipeleka ofisini ipigwe muhuri, wasije wakasema imeandikwa na mtu wa mtaani. Nipe muda kidogo, barabara siku hizi hazitabiriki.

Umwambie yule mama namshukuru kwa kumlisha. Nimetafuta maneno mengine sikuyapata.

Mimi,
Mama Kamikazi


Liège, 30 Septemba 1997

Kwa dada yangu, Mama Kamikazi,

Hamjambo huko? Nimekuandikia Julai na Agosti, sijapata jibu. Redioni nasikia Gisenyi inatajwa, halafu wanapita kwenye habari nyingine, nami nabaki na sufuria mkononi. Niandikie hata mstari mmoja kwamba mko hai.

Wale watu wananipigia simu. Hawanisukumi, lakini hawalali. Mke ananiuliza kama posta imeleta kitu, na nikisema hapana anapumua, kisha anaona aibu kwamba amepumua. Wanaomba pia ile picha irudi, ndiyo pekee waliyokuwa nayo ya siku ile. Mtoto ameniuliza lini tutakwenda tena kula pitsa.

Andika ile barua, dada. Neno lako ndilo linalongojwa.

Mdogo wako,
Kabatesi


Mbugangari, 8 Desemba 1997

Kwa Kabatesi,

Salamu. Mimi ni mzima, mzee ni mzima. Unisamehe kwa kimya. Barua zako zote nilizipata.

Shamba langu la Kanzenze sijalikanyaga tangu maharage yachanue, na sijui ni nani aliyeyavuna. Usiku tunasikia risasi za upande ule. Tunalala na nguo, na viatu miguuni, maana ukianza kutafuta viatu gizani umekwisha kuchelewa.

Régis wa Uwimbabazi amekufa. Walikuwa wanatoka sokoni Mahoko, yeye na mama yake, ndani ya camionnette, gari dogo la mizigo, na watu wenye bunduki wakaisimamisha njiani. Mama alipigwa risasi ya mkono, atapona. Mimi ndiye niliyemwosha mtoto. Viatu vilinishinda kuvivua. Kamba zilikuwa na fundo juu ya fundo, mama yake alimfundisha hivyo ili visimtoke akikimbia. Nilizikata kwa kisu cha mkate.

Nilikwenda kumwona Uwimbabazi hospitalini. Hakulia. Aliniuliza neno moja. "Epiphanie, mi nilimutoa kule kwa nini? Kule alikuwa anakula, alikuwa analala. Ni mi nilimufuata."

Sasa kuhusu yule mtoto wa huko. Nimeitazama picha tena, mchana, mlangoni penye mwanga. Si Kamikazi. Furaha ilinipumbaza, nikaandika haraka. Habari ya kikombe nayo niliiandika vibaya, kila mtoto wa kwetu anaonja, na lile la kupangusa nilimchanganya na mtoto wa mtu mwingine. Tena wewe mwenyewe umeandika kwamba anavua viatu popote anapokaa, na anasahau amevitupa wapi. Mtoto wa namna hiyo si wa kwetu.

Wasomee hao watu maneno haya kama yalivyo. Mwambie yule mama asishtuke tena posta ikija, wazitie sahihi karatasi zao. Mwambie asimwachishe kuonja. Hapana, hilo liache, usimwambie.

Ile picha ilinyeshewa, nimeitupa.

Kitanda nimempa Uwimbabazi, alalie akitoka hospitali. Mzee nilimwambia kwamba tulikosea, kwamba si yule. Akasema, "Bon. Basi huyo mutoto asiye wetu akule vizuri kule." Kikombe chake cha jioni nampelekea mimi. Naonja, nampa.

Usinijibu kwa kubishana, nakujua. Barua zangu za Aprili na Juni zitie motoni. Ukipita kwenye ule mgahawa, mtoto akikuomba pitsa, mnunulie, hakuna ubaya mama mdogo wa mtu yeyote akimnunulia mtoto chakula.

Na kwenye bahasha usiandike tena Mama Kamikazi. Andika jina langu tu, barua zitanifikia.

Dada yako,
Epiphanie