Nimerudi, Yasue

Nerima, Tokyo
Septemba 28

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Magoti yanasemaje na baridi inayoanza huko mlimani? Nyumba yako ya wageni ina watu? Sisi hatujambo, ila Wakana ana mafua ya chekechea, kila wiki analeta mapya. Nakuandikia kwa mkono mmoja, mwingine umemshika yeye.

Nina habari. Ile kazi yetu ya studio itaanza kuonyeshwa mwezi ujao. Unakumbuka ule mchezo wa video niliokuwa nikicheza utotoni, mpaka ukanichomolea waya wa televisheni? Shujaa na upanga, anapita vijijini kwenda kuua joka. Sasa tumeufanya katuni, lakini joka halimo. Mwongozaji wetu, Bwana Kurihara, alitaka maisha ya kila siku ya wale wanaobaki kijijini shujaa akishapita: muuza mikate, mfua vyuma, mzee wa nyumba ya wageni. Kwenye mchezo kila mmoja ana sentensi moja tu, hata umguse mara ngapi anairudia ileile. Kazi yangu ilikuwa kuwapa mengine ya kusema na kufanya.

Jina langu litapita mwishoni, usipepese macho.

Mwanao,
Sanae


Yamagata
Oktoba 4

Mwanangu Sanae,

Salamu. Mimi mzima, magoti ni magoti. Huyo mtoto mfunge shingo vizuri.

Mchezo ule naukumbuka. Yule kijana wako alikuwa anaingia nyumba za watu na viatu, anafungua makabati, anachukua dawa zao, na wenye nyumba wanamtazama tu. Nilimwambia mama yako, huyu mtoto anajifunza wizi. Akacheka sana. Natumaini siku hizi anapiga hodi.

Mama Ogata wa duka la tofu ana televisheni kubwa. Tutatazama kwake. Ameshatangaza mtaa mzima.

Baba yako


Nerima
Oktoba 30

Baba,

Nakuamkia tena. Hujambo? Sijapata neno lako tangu tuanze kuonyeshwa. Simu najua hupendi, lakini nimepiga na inaita tu.

Sehemu ya tatu ilikuwa ya mzee wa nyumba ya wageni. Imependwa kuliko zote. Kama umeudhika, niambie. Kama unaumwa, mwambie Mama Ogata aniandikie.

Sanae wako


Yamagata
Novemba 9

Sanae,

Siumwi.

Tulijaa sebuleni kwa Mama Ogata. Yule mzee wenu akazoa theluji, akarudi ndani, akavua viatu, akamwita mlangoni mkewe aliyekufa: "Nimerudi!" Kisha akainamisha sikio, akangoja ajibiwe "Karibu nyumbani." Watu wakacheka. Mama Ogata huniletea tofu asubuhi, amenisikia mara nyingi nikimwita mama yako hivyo. Akageuka. "Heh! Mzee Morio, si wewe huyo?" Hapo wakacheka zaidi, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini?

Juzi kwenye bafu la mtaa la maji moto, nilipotia tu mguu, kijana wa posta akapaza sauti kutoka majini, kwa jina la mama yako: "Nimerudi, Yasue!" Wenzake wote wakainamisha masikio kwa pamoja. Hawana ubaya. Nilijimwagia maji, nikaondoka bila kuingia.

Sasa naingia nyumbani kimya, kama mpangaji. Nikifungua mdomo naisikia sauti ya yule mwigizaji.

Najua hukutaka kunikejeli. Lakini lile lilikuwa kabatini kwangu. Uliingia na viatu, mwanangu.

Baba


Nerima
Novemba 15

Baba,

Nakuamkia nikiwa nimeinamisha kichwa. Sina uso wa kuuliza hali yako, ila nauliza.

Barua yako niliisomea jikoni. Wakana akanivuta sketi: "Mama, ni kitunguu?" Nikamwambia ndiyo. Ubao wa kukatia ulikuwa mtupu.

Nilikusikia ukiita vile majira ya baridi baada ya mazishi ya mama. Nilikuwa chumba cha juu namnyonyesha Wakana. Sikushuka, kwa sababu nilijua hilo si langu kulisikia. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Studio walipouliza, "Huyu mzee tumpe nini?" wote wakatazama meza, na mimi nilikuwa nimechoka, kichwani hamna kitu, nikafungua kabati lako. Wakanisifu. Nikainama nikashukuru. Hapo ndipo panaponichoma.

Katika sehemu ya mwisho anaita tena. Picha zimeshachorwa, hazibadiliki. Lakini sauti kwetu huingizwa baadaye, waigizaji wakisimama mbele ya picha. Jana nilimfuata Bwana Kurihara palepale.

"Ile sentensi itoke."

"Una wazimu? Watu wanaingojea hiyo! Tumeiandika hadi kwenye vikombe vya kuuza."

"Si yangu. Ni ya baba yangu, anamwita mama yangu. Niliichukua bila kumwomba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwigizaji wa yule mzee akavua miwani. "Nilimfanya achekeshe," akasema. "Sikujua kwamba sauti hiyo ina mwenyewe." Akachukua kalamu, akaifuta sentensi kwenye karatasi yake. Bwana Kurihara akakubali, na akaniambia msimu ujao atatafuta mwandishi mwingine. Sawa.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Vikombe siwezi kuvirudisha, wala kicheko cha watu. Naomba moja tu, na hili nakuomba nikiwa nimesimama imara: usiache kumwita mama kwa sababu yangu.

Mwanao,
Sanae


Yamagata
Desemba 22

Sanae,

Salamu. Theluji imefika madirishani. Magoti ni afadhali kuliko mwaka jana.

Nilikwenda kwa Mama Ogata kutazama sehemu ya mwisho, sikutaka waseme nimejificha. Yule mzee akavua viatu, mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Lilisikika birika la chai mle sebuleni tu. Mama Ogata akasema televisheni imekufa, akaipiga kofi. Akaipiga la pili. Kijana wa posta akamwambia, "Mama, iache." Hakuna aliyecheka. Tukanywa chai.

Mlete Wakana Mwaka Mpya. Nimemnunulia kandambili za ndani, sijui kama zitamtosha.

Nilirudi kwa miguu. Nikavua viatu. Nikafunga mlango kwanza, nikausukuma mpaka mwisho.

Yaliyofuata hayakuhusu.

Baba yako