Kijiti cha Kichwani Pako

Papa,

Mama anakusalimu. Mto Lukuga bado unapita palepale ulipouacha. Nakuandikia kwa sababu kuna kitu nimekuchukulia, na sitaki ukisikie kwa mtu mwingine.

Nianzie matangani. Ulikufa wakati mbaya, Papa. Homa ilikushika vita vikiwa vimefunga barabara ya Nyunzu, na meli ya Kigoma iliyotakiwa kuleta dawa haikuja. Kuni nazo hazikuwa zikifika mjini. Uwanja wetu ulijaa watu waliokuja kukulilia, na moto ulikuwa unazimika. Basi vijana wa nyumbani, binamu Saidi akiwa mbele yao, wakateremka mtoni na kurudi na mizigo ya vijiti vikavu vizuri. Tulivichemshia chai ya wageni. Hata mimi niliota moto ule, nikanyoosha mikono na kulia.

Vilikuwa vijiti vyako. Vile ulivyopigilia kando ya mto kwenye kiwanja cha chuo kipya, kuonyesha njia ya baiskeli itapita wapi na majengo yasivuke wapi, ili matete yabaki na wanyama wake. Nilipoteremka baada ya matanga nikakuta mashimo matupu. Nilimgombeza Saidi mpaka sauti ikanikauka. Alilia, maskini. Hakujua, na alitaka tu watu wasikae kwenye baridi kwa ajili yako.

Ramani ya karatasi haikuwepo, unajua mwenyewe. Hukutaka kuchora kabla ya kuona msimu mzima wa mvua, ujue viboko wanapandia wapi maji yakijaa. Nilikuwa nakucheka, mtu wa biro, ofisi ya mipango ya mji, anayekaa juu ya baiskeli yake akimngoja kiboko. Nawe ulikuwa ukinijibu, "Kiboko njo mwenyeji hapa, Zaina. Sisi tunakuya tu na ma-velo yetu." Nasikia sauti yako, na hiyo "velo" yako ya kuiita baiskeli, nikiandika hivi.

Kamati ya chuo haikungoja machozi yetu yakauke. Walisema kwa kuwa alama hazipo, mabweni yatashuka mpaka majini, na matete yafyekwe yote. Niliwaeleza kazi yako. Walinisikiliza kwa heshima ya mtoto aliyefiwa, yaani hawakunisikiliza.

Aliyenisaidia ni Mama Feza. Unamkumbuka, yule aliyekimbia vita kutoka Nyunzu akajenga kibanda juu ya kiwanja, anayesukuma baiskeli ya makaa kila asubuhi. Kumbe alikuwa anaanika nguo za watoto juu ya vijiti vyako. Ungemfokea, halafu ungemsaidia kuanika. Alinionyesha kila shimo, hata yale yaliyokwisha kufunikwa na majani, na tukapigilia mianzi. Wenzake wa makaa bado wanapita na baiskeli zao mulemule ulimowaonyesha, wakiyazunguka matete kwa mbali.

Lakini kamati wakasema mianzi yeyote anaweza kupigilia. Walitaka kuona angalau kijiti kimoja chenye alama ya biro, ile uliyokuwa ukiichoma kwa chuma cha moto. Siku ya kuamua ilikuwa imekaribia.

Hapo Saidi akaniambia jambo jingine. Kimoja hakikuungua. Sisi wanawake hatukufika makaburini siku ya kukuzika, kwa hiyo sikujua. Wanaume walipokosa ubao wa kuweka juu ya kaburi lako, walichukua kijiti kimoja, wakakisimamisha kichwani pako.

Nilikwenda peke yangu asubuhi. Alama ilikuwa wazi, na kitambaa chekundu ulichokata kwenye kitenge cha zamani cha Mama kilikuwa bado kimefungwa. Mtu gani anang'oa kitu kichwani pa baba yake? Nilikishika, nikakiacha. Nilikishika tena. Kisha nikaking'oa, Papa. Nisamehe. Ardhi ilikuwa imekishika kwa nguvu, na mimi nilikuwa nalia kama siku ya kwanza.

Mahali pake nimeweka jiwe kutoka Lukuga, jeusi, laini, nililolibeba nyuma ya baiskeli yako. Mama amelikubali. Alilipangusa kwa ncha ya kitenge.

Kamati waliona alama, wakakubali. Matete yatabaki. Kijiti chako kimesimama sasa kwenye ile kona wanapopandia viboko, na hakuna ukuta utakaokivuka. Usifurahi sana lakini. Saruji haipo, treni haiji, na mabweni wala njia hakuna anayejua vitajengwa lini. Tuna mianzi na kijiti kimoja tu, na jioni naona viboko wanapita kati yake bila kujali vita vya mtu. Ninatamani ungekuwa juu ya baiskeli yako unawangoja.

Lala salama, baba yangu. Mvua ikiangusha mianzi nitaisimamisha. Na siku njia itakapokuwa imejengwa kweli, watoto wa watu wakipita na baiskeli zao kwenda darasani, alama haitahitajika tena pale konani. Siku hiyo nitakirudisha kijiti chako kichwani pako kwa mikono yangu.

Mwanao,
Zaina