Tende Uliyoirudisha Kwenye Kitambaa

Maman,

Leo Idrisa wetu amekula tende. Kajipaka mashavu yote, kisha akanyoosha mkono kutaka nyingine. Nikageuka nikuoneshe, kwenye kiti chako pale dirishani. Mwaka mzima hukikalii tena, na bado nageuka.

Unakumbuka alivyozaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, nepi ikammeza? Ulikuja hospitali moja kwa moja kutoka soko la Kamembe, nguo zikinuka vile visamaki vya sambaza, na tende moja kwenye kitambaa. Ulitaka kuitafuna umpake kwenye kaakaa, kama ulivyonifanyia mimi. Muuguzi alikataa kwa upole: tumbo bado changa, kwa sasa ni maziwa yangu tu, tone kwa tone, kwa mpira wa puani. Mimi upole sikuwa nao. Nikaropoka mbele ya watu: "Maman, kinywa chako kimejaa vijidudu! Unataka kumuua?"

"Batoto bangu bote nilibapatia tende," ulisema polepole, "na hakuna mwenye alikufa." Ukaifunga tena kitambaani. Astaghafirullah, ulimi wangu huu!

Kisha homa ikaniangusha. Nani alimbeba Idrisa? Wewe, siku nne, ngozi kwa ngozi, umemfunga kifuani kwa kitenge, ukimtania kuwa ana miguu ya kuku.

Nilipopona muuguzi akanieleza. Utumbo wa mtoto njiti huanza karibu mtupu, na dawa alizochomwa zinafagia vijidudu wabaya pamoja na wema. Wale wema huingia kidogo kidogo, kwa maziwa ya mama, kwa ngozi ya anayembeba. Ndio wanaomsaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasijae. "Wengine kawapata kwa bibi yake," alisema akicheka.

Nilitaka kukuambia, wallahi. Nikasema tukitoka hospitali. Tukatoka, nikaona haya, nikasema baada ya arobaini ya uzazi. Ukatangulia wewe, ghafla, na mimi sijafungua mdomo. Nisamehe, Maman. Nimekukosa.

Mtoto sasa anatembea, tumbo lake halina shida. Kuna kitu chako humo ndani, sijui kama bado kipo, mimi naamini kipo.

Na ile tende ya leo, ya kwanza, sikumpa hivi hivi. Nilimtafunia mimi, kwa kinywa hiki hiki kilichokutukana.

Lala salama, Maman.

Binti yako, mama Idrisa